Prado 120 ya petroli V6, kilomita 312,000: ninunue au nipite?

Matope_Kiasi

Wakuu, salaam. Naomba macho ya waliozoea magari haya.

Nimepata Toyota Prado 120 ya 2004, petroli, V6 ya lita 4.0 (1GR-FE), giaboksi otomatiki ya hatua tano. Dashibodi inasoma 312,000 na ushee. Muuzaji hajalificha hilo. Ana daftari la huduma lenye mihuri hadi kilomita 240,000. Kuanzia hapo ni maneno yake tu, anasema alihamia kwa fundi asiyetoa risiti. Rangi bado safi, kiti cha dereva kimechanika ubavuni, mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma kinachungulia. Tairi mbili za mbele ni za kampuni moja na mpya, za nyuma ni za kampuni nyingine na zimeisha. Anaomba karibu nusu ya bei ya zile zenye kilomita 150,000.

Sitalitumia kwenda kazini kila siku. Nataka gari la safari ndefu na njia mbovu: mawe, matope, kuvuka kijito mara mojamoja. Kwamba litakunywa mafuta nimeshakubali, msinisimange kwa hilo. Ninachoogopa ni injini. Nimeliendesha kama nusu saa, sikusikia mlio wa ajabu wala kuona moshi. Lilikuwa limeshawashwa nilipofika.

Ninachouliza: kilomita hizo kwa injini hii ni nyingi kiasi cha kukimbia? Fundi nimwambie akague nini hasa? Na kuna jamaa kaniambia nikinunua tu nibadilishe cheni ya taimingi, je, ni kweli?

Kanyaga_Twende

Kimbia mkuu. Petroli ikivuka laki mbili unanunua matatizo ya mwenzako. Ungekuwa unaongelea dizeli ningekuelewa. Nusu bei utaimalizia kwa fundi ndani ya mwaka. Tafuta yenye kilomita chache hata ikiwa na injini ndogo.

Spana17

Kanyaga, na mwenye kilomita chache naye atamjuaje kama hazijarudishwa nyuma? Huyu muuzaji angetaka kudanganya, dashibodi ingesoma 140,000 na pedali ingekuwa na mpira mpya. Kiti kilichochanika na pedali iliyolika vinakubaliana na 312,000. Hilo nalihesabu upande wa faida.

Mdogo wangu Matope, katika yote uliyoandika kuna sentensi fupi umeipitia juu juu, na kesi yote iko hapo: lilikuwa limeshawashwa ulipofika. Injini ya petroli iliyochoka hujitetea vizuri sana ikishapata moto. Oili imeshapanda, vyuma vimetanuka na kujaza nafasi zao, moshi wa kwanza umeshakwenda na upepo. Ulichoendesha ni gari lililokwisha kunawa uso.

Tulimalize la kilomita. Nimefungua injini za petroli zenye laki moja zikiwa zimeungua ndani, na za laki nne ambazo kuta za silinda bado zinaonyesha michirizi ya kiwandani. Injini ya namna hii haifi kwa kilomita. Inakufa kwa kuchemshwa na kwa kunyimwa oili. Bloku ya 1GR-FE ni alumini, hedi inayoifunika kwa juu nayo alumini, ndani ya silinda ndiko kuna slivu za chuma. Alumini ikichemshwa sawasawa, hata mara moja, hedi inapinda, gasketi inapoteza mshiko, na kuanzia hapo gari linakunywa maji kidogo kidogo huku mwenyewe akiongeza na kunyamaza. Kwa hiyo muulize kama limewahi kuchemsha. Halafu jibu lake liweke pembeni, uliangalie gari lenyewe.

Mwambie asiliwashe kabisa kabla hujafika. Nenda asubuhi, weka kiganja juu ya boneti, kisha juu ya injini. Ikiwa ya vuguvugu, aga vizuri, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Kulanti ya Toyota, yaani maji ya kupozea injini, ni nyekundu au ya waridi. Ukikuta maji ya kutu, mtu amekuwa akiongeza ya bomba. Ukikuta uji mzito au vipunje vinavyong'aa shingoni, humo kuna dawa ya kuziba nyufa: funga kifuniko, shukuru, ondoka. Utando wa mafuta unaoelea, ondoka pia. Na kulanti mpya inayometa kwenye gari ambalo kila kingine ni cha zamani, uliza kwa nini imebadilishwa juzi. Mipira ya rejeta uibonyeze kabla ya kufungua kifuniko. Ikiwa bado imejaa presha baada ya gari kulala usiku kucha, kuna gesi ya silinda inayopenya kwenye maji.

Uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili usikutishe peke yake. Gari la safari fupi fupi hupata unyevu pale hata likiwa zima kabisa. Toa stiki ya oili: uji ukiwa na huko, hapo tunaongea lugha nyingine. Mwenye shaka apime na ile dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Kwa injini ya petroli, ikigeuka njano, gesi ya mwako imo kwenye maji na mjadala umekwisha.

Sasa mtu apige stata, wewe simama nyuma. Moshi wa buluu unaotoka kwa mkupuo mmoja na kupotea ni sili za valvu. Si raha, lakini gari linaweza kuishi nazo miaka. Wa buluu unaokuja kila ukikanyaga kupanda mlima ni ringi za pistoni, na ringi maana yake injini ifunguliwe yote. Wakati wa majaribio, teremka mteremko mrefu ukiwa umeachia mafuta na gia ndiyo inashika gari, kisha kanyaga kwa nguvu huku mwenzako akitazama nyuma. Wingu la buluu hapo ni sili tena. Mvuke mweupe wa baridi ni wa kawaida. Mweupe usiokatika injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, ndiyo kulanti inaungua.

Cheni. Injini hii haina muda uliopangwa wa kuibadilisha. Jamaa yako amechanganya na zenye beliti, kama V6 ya 3.4 ya Prado 90 au V8 ya 4.7 ya Land Cruiser 100, ambazo beliti yake hubadilishwa kila kilomita 150,000. Ya kwako isikilize tu. Ikiparuza kwa sekunde moja hivi asubuhi kabla oili haijapanda, sivunjiki moyo. Ikiendelea kuparuza, ujue oili haikuwa ikibadilishwa, na cheni ni mwanzo tu wa orodha. Chungulia kwenye tundu la kujazia oili kwa tochi: vyuma vya rangi ya asali ni sawa, tope jeusi lililoganda si sawa. Hilo ndilo daftari la yule fundi asiyetoa risiti.

Njoo na kisomeo cha OBD2, kile cha kusoma kompyuta ya gari, hata kidogo kinachoongea na simu. Usisome makosa peke yake, makosa hufutwa kwa dakika moja muuzaji akiwa anakusubiri. Fungua ukurasa wa vipimo vya utayari. Kompyuta ya gari hujipimia yenyewe sensa za oksijeni, katalisti na vinginevyo, na mtu akifuta makosa, vipimo hivyo navyo huanza upya na kuhitaji mwendo wa kutosha ndipo vikamilike. Gari lisilo na kosa hata moja huku vipimo vyote vinasema bado, limefutwa karibuni. Au betri ilichomolewa, na hilo nalo uliulizie. Kisha angalia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), yaani kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi, kwa pande zote mbili za V. Karibu na sifuri ni raha. Pande zote zikizidi kumi kwa mia kwenda juu, kuna hewa inapenya au sensa ya hewa imechafuka. Upande mmoja ukiachana na mwenzake, tatizo liko upande huo.

Halafu fundi achomoe plagi zote sita. Atanung'unika, mwache anung'unike. Zipangwe mezani kwa mfuatano wa silinda. Tano za kahawia iliyopauka na moja iliyong'arishwa mpaka nyeupe: silinda ile inaoshwa na kulanti. Plagi zikiwa nje, apime kompresheni, yaani presha ya kila silinda. Silinda kufanana ni muhimu kuliko ukubwa wa namba. Iliyobaki nyuma atie kijiko cha oili humo apime tena: namba ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

Mnunuzi akishamaliza haya huwa anapumua na kutoa fedha. Gari la 4x4 lina vitu vingine vinne vya gharama chini yake na hakuna anayeinama kuvitazama.

Giaboksi kwanza. Oili yake inapoozwa ndani ya rejeta, kwenye tanki lilelile la kulanti. Kizuizi cha katikati kikitoboka, maji na oili ya gia vinachanganyika, na giaboksi inakufa wakati injini iko salama kabisa. Nissan Pathfinder na Xterra za 2005 hadi 2010 zilipata jina baya kwa hilo hilo, lakini rejeta yoyote ya muundo huo ikizeeka inaweza kufanya hivyo. Giaboksi hii ya hatua tano haina stiki, kiwango kinaangaliwa kwa chini kwenye nati maalumu oili ikiwa na joto lake. Mlipe fundi atoe kidogo ukaone rangi. Nyekundu iliyofifia ni sawa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni kwaheri. Rangi ya waridi iliyochanganywa na maziwa, hata usimalizie mazungumzo. Barabarani sikiliza kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa ukiwa umekanyaga kidogo. Gari likitetemeka utadhani unapita juu ya matuta madogo, klachi ya ndani ya toku konveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi, inateleza.

Na zile tairi. Prado 120 inavuta kwa magurudumu yote muda wote, kuna difu ya katikati inayogawa nguvu. Mbele mpya na nyuma zilizoisha maana yake mzunguko wa tairi haulingani, na difu ile inafanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka. Kama imekwenda hivyo muda mrefu, tutaisikia. Peleka gari kwenye mchanga au changarawe, si lami kavu, funga difu ya katikati, ingiza gia za chini, kata kona taratibu. Taa ya kufunga ikipepesa bila kutulia, sogeza mbele na nyuma kidogo. Ikikataa kabisa, mtambo wake umeganda kwa kukaa bila kutumiwa.

Mengine ya chini nayapita haraka: fungua nati za difu mbele na nyuma, ungaunga wa chuma kwenye sumaku ni kawaida, vipande si kawaida, oili ya maziwa ni maji ya kijito. Mipira ya aksili isiwe imepasuka. Bolujointi za chini zitikiswe gari likiwa juu ya jeki, hasa ukija kubadili mawazo ukatafuta Prado 90, maana kwenye ile zikiachia, gurudumu linalala. Chesisi igongwe kwa mpini wa bisibisi kuanzia juu ya aksili ya nyuma hadi mwisho. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu imepakwa na mtu mwenye sababu.

Changarawe_Dada

Shikamoo fundi. Naongeza kama mwenye gari, si kama mjuzi. Ninalo la injini hiyohiyo, lilikuwa na kilomita nyingi nilipolichukua na bado linanibeba.

Matope, injini haijanisumbua. Kinachonila ni vitu vya mpira na plastiki. Bushi za mikono ya mbele, mipira ya maji nyuma ya injini ambayo huioni mpaka imetoboka, koili za plagi moja baada ya nyingine, gundi ya taa. Gari la umri huu hata lingekaa bandani lisitembee, mpira ungezeeka vilevile. Kwa hiyo anayekwambia utafute la kilomita chache la mwaka huohuo, bushi zake nazo ni za 2004.

Mafuta: barabara ndefu bila haraka napata kilomita 7 hadi 8 kwa lita. Foleni, 5. Kwenye matope na gia za chini usiulize, angalia mshale tu unavyoshuka. Tenki ni lita 87, panga vituo vyako.

Fundi, swali moja ningependa ulijibu, maana mafundi wawili wameniambia vitu tofauti. Oili ya giaboksi ambayo haijabadilishwa kamwe kwa kilomita hizi, unaibadilisha au unaiacha? Mmoja aliniambia ukiigusa tu giaboksi inakufa.

Spana17

Marahaba. Ile inayokufa baada ya kubadilishiwa oili ilikuwa inakufa tayari, watu waliikumbuka oili ikiwa tayari inateleza. Nisichokifanya ni kuisukuma kwa mashine na kuitoa yote kwa mpigo kwenye giaboksi kuukuu. Natoa inayotoka yenyewe kwa nati, narudisha kiasi kilekile, gari linatembea kilomita elfu moja au mbili, narudia. Mara tatu hivi rangi inarudi. Ikiwa inateleza tangu mwanzo sigusi, namwambia mwenyewe ukweli na bei ya giaboksi.

Kanyaga_Twende

Sawa, la pedali nimelikubali. Bado nasema dizeli.

Spana17

Dizeli yenye 312,000 na pampu ya presha kubwa na nozeli zake nne? Anzisha uzi wako tuje huko.

Matope_Kiasi

Wakuu, nimerudi na majibu. Nilimwomba muuzaji asiliwashe na akakubali bila neno, hilo lilinipa moyo.

Injini baridi: kulanti ya waridi, imefifia lakini safi, hakuna utando wala vipunje. Mipira laini. Rejeta inaonekana ndiyo ya kiwandani, plastiki ya juu imegeuka kahawia. Ilipowashwa ilitoa mkupuo mdogo wa buluu, ukapotea, haukurudi hata mlimani. Cheni kimya. Kwenye tundu la oili ni rangi ya asali kama ulivyosema, mkuu. Yule fundi wa bila risiti alikuwa anafanya kazi kumbe.

Kisomeo: hakuna kosa, vipimo vyote vimekamilika. Marekebisho ya mafuta ni +4 upande mmoja, +5 upande wa pili. Kompresheni silinda zote kati ya psi 172 na 180. Plagi zinafanana.

Oili ya gia: kahawia iliyokolea, haina harufu ya kuungua, haina maziwa. Inabadili gia kwa ulaini, sikusikia kutetemeka. Ila nikiweka D gari likiwa limesimama kuna "ko" moja chini. Na taa ya difu ya katikati ilipepesa kama dakika nzima, nikarudi nyuma, nikasonga mbele, ikatulia mara ya tatu. Gia za chini ziliingia vizuri. Chesisi imegongwa yote, ina kutu ya juu juu tu.

Muuzaji hataki kushusha bei kwa sababu "injini umeiona mwenyewe".

Changarawe_Dada

Hiyo "ko" hata langu lilikuwa nayo. Grisi.

Spana17

Injini imepita. Namba zako za kompresheni ningezikubali kwa gari la nusu ya kilomita hizo. Mkupuo wa asubuhi ni sili za valvu, angalia stiki kila ukijaza tenki na utembee na lita moja ya oili.

Dada yuko sahihi kuhusu "ko", anza na propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu. Viungo vyake vina nipeli za grisi na inaonekana hakuna aliyezikumbuka. Vipakwe grisi mpaka ya zamani itoke, usikilize tena. Ikibaki, shika propela kwa mkono uizungushe: mchezo ukiwa kwenye msalaba ni kazi ndogo, ukiwa ndani ya difu ni kazi kubwa, na hilo lifanyike kabla hujalipa. Difu ya katikati imetulia, kwa hiyo haijafa. Ifunge na kuifungua mara moja kila mwezi kwenye mchanga, itazoea.

Kuhusu bei, usibishane naye juu ya injini. Mwoneshe rejeta ya kiwandani ya 2004 ambayo ndani yake ndimo inamopita oili ya giaboksi, tairi nne zinazotakiwa kulingana, na oili za giaboksi na difu zote. Mwombe fundi wako akuandikie gharama ya vitu hivyo vitatu kwenye karatasi moja na umpe. Akishusha hata nusu yake, mimi ningechukua. Akikataa, subiri wiki mbili umpigie. Petroli ya kilomita hizi haina foleni ya wanunuzi, watu wote wanafikiri kama Kanyaga.

Ukilichukua, rejeta ibadilishwe kabla ya safari yoyote, na hata kabla ya oili ya gia, la sivyo utatia oili mpya kwenye hatari ileile.

Na uliza funguo ziko ngapi. Kama gari lina kinga ya wizi ya chipu na amebaki na mmoja tu, ongeza hilo kwenye karatasi.

Matope_Kiasi

Ana mmoja.

Spana17

Basi ni vitu vinne.